Siti binti Saad na somo la kushuka jukwaani



Kila ikifika sikukuu mabishano ni yale yale vibarazani huku kwetu Jambiani. Runinga inawashwa, anatokea mchekeshaji wa zamani au mwimbaji wa taarab aliyekuwa moto enzi zake. Sauti imekatika, miguu haimfati tena, maneno yanampotea katikati. Nusu ya baraza wanasema huyu mzee zama zake zimepita, akae nyumbani ale heshima yake. Nusu nyengine wanasema mwacheni, ndio kazi aijuayo, mnataka ale nini? Basi hapo ugomvi mpaka kahawa inapoa.

Mie leo sitaki kumsema mtu aliye hai. Naomba tumrudie mtu mmoja ambae hakuwahi kuonekana kwenye runinga hata siku moja, kwa sababu alifariki mwaka 1950 na televisheni ya Zanzibar ilianza miaka ya mwanzo ya 1970. (Ndugu zetu wa Bara wao walingoja mpaka 1994.) Lakini kama kuna mtu wa visiwa hivi aliyeonja umaarufu mkubwa, na akazeeka nao, ni yeye: Siti binti Saad. Wengi tunalijua jina. Maisha yenyewe, khasa mpangilio wa umri wake, tunayajua nusu nusu tu.

Alizaliwa Fumba, kijiji cha wavuvi na wafinyanzi upande wa magharibi ya kisiwa, karibu na mwaka 1880. Fumba ya leo ukienda unakuta majumba mapya na viwanja vinauzwa kwa dola. Fumba ya wakati ule ilikuwa ya vyungu na jembe. Baba yake alikuwa Mnyamwezi wa asili ya Tabora, mama yake Mzaramo, na ukoo wao ulipitia utumwa. Hata jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897. Kwa hiyo huyu binti alikulia katika nchi ambayo bado mtu aliulizwa wewe wa nani kabla ya kuulizwa hujambo.

Kazi ya mama ilikuwa kufinyanga, na binti akairithi. Vyungu vinafinyangwa Fumba, vinachomwa, kisha vinachukuliwa mjini kuuzwa. Anapita mitaani anatangaza biashara yake kwa sauti, na watu wakaanza kuijua ile sauti kabla hawajamuona mwenyewe. Inasimuliwa kwamba ikisikika kwa mbali, wateja wanajua Mtumwa wa vyungu anakuja. Sasa hapo ndipo ulipoanza uimbaji wake, kwenye kuuza vyungu, bila ya mwalimu wala chombo.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Tuhesabu pamoja: kama kazaliwa 1880, ana kiasi cha miaka 31. Kwa mizani ya wakati ule, mwanamke wa miaka 31 aliyekwisha kuwa mama hakuwa tena kijana wa kuanza mambo. Wenzake wengi washakaa nyumbani, wanangoja kuozesha. Yeye ndio kwanza anaanza kujifunza.

Mjini akakutana na Muhsin Ali, mpiga udi na mtu wa Ikhwani Safaa, kile kikundi cha taarab kilichoanzishwa 1905 ambacho mpaka leo kipo. Muhsin akamfundisha kuimba kwa kufuata ala, na akapata kusoma Qur'ani. Ikumbukwe kwamba taarab wakati huo ilikuwa kitu cha wakubwa. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeileta kasrini kutoka Misri, na alimpeleka mtu Cairo akajifunze. Ikawa ni muziki wa Kiarabu, wa wanaume, wa waheshimiwa. Mwanamke wa shamba, mtoto wa mtumwa, hana nafasi humo.

Yeye akaingia. Na alipoingia, akaitia Kiswahili. Hilo peke yake lilitosha kumuweka kwenye historia, maana hapo mwanamke wa Ng'ambo asiyejua neno la Kiarabu akakaa akasikiliza taarab na akafahamu kinachoimbwa, akacheka na akalia. Jina la Mtumwa likaachwa, watu wa mjini wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Hebu fikiria safari hiyo ya majina mawili katika maisha ya mtu mmoja!

Akazungukwa na wapigaji hodari: Subeit Ambar, Buda Swedi, Mwalim Shaaban, na Mbaruk Talsam, kipofu kutoka Mombasa ambae mikono yake ilikuwa na macho. Nyumba yake ikawa kituo. Jioni watu wanakusanyika, habari za mtaa zinaletwa, na habari ikikaa vizuri inageuka wimbo. Aliimba kasrini mbele ya Sultani, aliimba harusi za Waarabu na Wahindi, kisha akarudi Ng'ambo akawaimbia jirani zake.

Na hakuimba mapenzi tu. Ule wimbo maarufu wa Kijiti unahusu kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, mtuhumiwa akatorokea Bara, na waliokuja kufungwa ni wanawake waliosimama kutoa ushahidi. Siti akaliimba. Magazeti yalikuwa machache na waliojua kusoma wachache zaidi, lakini hukumu ile ilizungumzwa kila nyumba kwa sababu yeye kaitia sauti. Ukiniuliza mie, alifanya kazi ya mwandishi wa habari kabla hatujapata blogu.

Wenye wivu hawakukosekana. Walimsema kwa asili yake, kwa vyungu vyake, na zaidi kwa sura, kwamba hana uzuri wa kumfanya mtu amtazame. Naye akawajibu kwa wimbo, kwa ustaarabu wa Kiswahili, kwamba alicho nacho ni chengine. Liweke akilini hili la sura, tutalirudia.

Mwaka 1928 ndio ikaja ile safari. Siti na wenzake wakapanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi. Walirudi tena Bombay baadaye kwa kazi hiyo hiyo. Hesabu inayotajwa ni kwamba kufikia 1931 ziliuzwa santuri zaidi ya 72,000. Kwa nchi hizi, kwa wakati ule, ambapo gramafoni moja ilikuwa mali ya kukusanyisha mtaa mzima! Mahoteli ya chai ya pwani yote, Lamu, Mombasa, Tanga, Dar, mpaka Kongo na Visiwa vya Ngazija, sauti yake ikawa inazunguka.

Sasa tuhesabu tena. Kazaliwa 1880, karekodi 1928. Ana miaka 48.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mtu ambae leo tunamwita nyota wa kwanza wa pwani hii, umaarufu wake mkubwa ulimkuta katika umri ambao siku hizi wenye vituo vya runinga wanaanza kumtafutia mtu mbadala. Kama kungekuwa na kamera 1928, wangemwambia bibi sauti unayo lakini tutafutie binti mmoja awe anafumba na kufumbua mdomo mbele. Santuri haina uso. Santuri haikuulizi mikunjo. Ile sura waliyomcheka nayo mjini haikupanda meli kwenda Mombasa wala Lamu, ilipanda sauti tu.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba umri fulani ukifika msanii apishe, Siti anawakatalia tangu mwanzo. Angepisha kwa umri, tusingempata kabisa.

Lakini kisa hakikuishia 1931. Wengi tunasimulia Bombay, tunapiga makofi, kisha tunaruka moja kwa moja mpaka 1950 alipofariki. Katikati hapo kuna miaka karibu ishirini!

Kilichotokea ni kwamba dunia iliingia kwenye mdororo wa uchumi. Bei ya karafuu ikaanguka, na karafuu ikianguka Zanzibar yote inaanguka. Biashara ya santuri nayo ikapungua duniani kote. Zile safari za Bombay zikawa historia. Siti ana miaka hamsini na kitu, jina linajulikana kutoka Lamu mpaka Kilwa, na kiwanda kilichomfanya ajulikane kimefunga mlango.

Msanii wa leo akifikwa na hali hiyo anafanya nini? Tunawaona. Wengine wanakimbilia kila harusi na kila kampeni, wengine wanagombana na vijana kwenye redio, wengine wanarudia kichekesho kile kile cha mwaka 1995 mpaka watoto wanakimaliza kabla yake. Siti alirudi alikotoka. Aliendelea kuimba hapa hapa Unguja, barazani na kwenye shughuli, kwa watu waliomjua. Wanawake vijana waliotaka kuimba walipita kwake. Vikundi vya taarab vya wanawake vikaanza kushamiri mjini, vikashindana kwa nguo na kwa mafumbo, na mlango uliowaingiza wote hao ni yeye aliyeuvunja. Hakuhitaji kuwa mbele ya kila kikundi ndio ajulikane kwamba yupo.

Na mwisho wa maisha yake alifanya jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko Bombay. Shaaban Robert, yule mshairi wa Tanga, alikutana nae na akapata kuandika maisha yake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na kiasi cha miaka 70. Wasifu ule ulichapishwa 1958, na baadae ukatoka kama kitabu ambacho watoto wetu wamekisoma skuli. Maana yake ni kwamba huyu bibi, sauti ikiwa imeshachoka, alikaa akayahadithia maisha yake kwa mtu anayejua kuandika. Hakungoja afe ndio watu waanze kubahatisha. Hiyo ndiyo namna yake ya kushuka jukwaani: alikabidhi.

Faida ya kukabidhi tunaiona. Waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, TAMWA, jarida lao walilolianzisha miaka ya 1980 waliliita Sauti ya Siti. Mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, katoa albamu ya nyimbo za bibi yake. Miaka 70 baada ya mazishi, bado yumo kazini bila ya kuburuzwa na mtu.

Sasa najua mtaniuliza, na Bi Kidude je?

Naam. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, Allah amrehemu, ni mfano wa upande wa pili, na wala simtaji kumlaumu. Aliujifunza uimbaji kwa kusikiliza nyimbo za Siti, na Muhogo wa Jang'ombe dunia nzima imeujua kwa mdomo wake. Alikuwa mtu wa unyago, wa ngoma, wa kupaka hina, mwenyewe hajui mwaka aliozaliwa. Umaarufu wa dunia ulimkuta kikongwe. Tuzo ya WOMEX alipewa 2005, filamu ya maisha yake ikatoka 2006, na pale Ngome Kongwe kwenye Sauti za Busara umati ulikuwa haukubali kuondoka bila ya kumuona. Yeye kushuka jukwaani hakutaka. Jukwaa lilikuwa pumzi yake.

Lakini mwishoni, mwaka 2012, alipokuwa anaumwa, ukazuka mvutano wa nani mwenye haki ya kusema bibi sasa apumzike: jamaa, waliokuwa wakimsimamia kazi, au yeye mwenyewe? Mambo yakafika magazetini. Mwanamke aliyekuwa huru maisha yake yote, anazungumziwa kama kifurushi. Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013, na viongozi wakubwa wakaja kumzika Kitumba. Mazishi mazuri. Ila mie nilijiuliza, na bado najiuliza, kwa nini mpango wa uzee wake haukuwekwa mapema, akiwa na nguvu za kuamua yeye mwenyewe.

Na tatizo si la Unguja peke yake. Kule Kenya, Mzee Ojwang wa Vitimbi aliwachekesha watu miongo mitatu, na uzeeni, macho yalipomtupa, ikabidi wananchi wahangaike kumchangia. Alifariki Julai 2015. Bara, King Majuto wa Tanga, alipokuwa mgonjwa mwaka 2018, Serikali ilibidi iunde kamati kupitia mikataba aliyokuwa ametia saini na makampuni. Akafariki Agosti mwaka ule ule. Watu wanaojulikana na kila mtoto, lakini wakianguka wanachangiwa kama wapita njia.

Basi turudi kwenye baraza letu. Tunapomwambia mzee ashuke, tunamwambia ashuke wapi? Siti alipopunguza alikuwa na kwake, ana watu wake, ana heshima mtaani, ana wa kumuandika. Chini ya jukwaa palikuwa na pahala pa kukaa. Wengi wa wazee wetu wa runinga wakishuka hapana kitu. Pensheni jamii ya Zanzibar iliyoanza 2016 kwa wenye miaka 70 ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni jambo jema na nchi nyingi za Afrika hazina, lakini hebu ingia dukani nayo. Hati miliki tunayo ofisi yake, COSOZA, na sheria ya hakimiliki ipo tangu 2003, lakini msanii aliyerekodi kwa malipo ya siku moja hana cha kudai kipindi chake kikirudiwa mara mia.

Nasema haya yananihusu. Mie nimo katika kikundi cha ngoma hapa Jambiani, tunapiga kwenye mahoteli ya ufukweni msimu wa watalii. Anayetuongoza kwa sauti ni mama mmoja aliyevuka miaka 70, jina lake naliweka. Asubuhi za maji makavu alikuwa mkulima wa mwani kabla ya mgongo kumkatalia, na usiku ndiye anayeanzisha wimbo. Siku hizi anachoka wimbo wa pili. Mwaka huu imekuja hoja kwenye kikao: vijana wanataka apumzishwe kwa sababu wenye hoteli wanapenda onyesho liende haraka. Wengine wanataka abaki kwa sababu watalii wanapenda kupiga nae picha. Mmeona? Pande zote mbili zinazungumza habari ya mteja. Hakuna aliyemuuliza mama.

Mgao wetu ni wa aliyefika tu. Hukufika, huna chako. Kwa utaratibu huo, kumwambia apumzike ni kumwambia asile. Na kwa utaratibu huo huo, kubaki kwake si hiari.

Nimeandika pendekezo, na nitalipeleka kikao kijacho. Kwanza, fungu lake liendelee kutoka, aje asije, maana nusu ya nyimbo tunazopiga ni zake. Pili, nyimbo zote anazozijua zirekodiwe kwa simu, na ziandikwe na majina ya waliomfundisha, kabla hazijaondoka nae. Tatu, akitaka kuja aje, akae kwenye kiti, aanzishe mmoja tu anaoutaka yeye. Akiona basi, aseme mwenyewe basi. Gharama kwa kila mtu ni ndogo, nimeipiga hesabu, haifiki hata nauli ya daladala ya kwenda na kurudi mjini kwa kila onyesho.

Hilo ndilo nililolipata kwa Siti binti Saad. Hakuna umri wa kuondoka ulioandikwa, yeye alianza pale wengine wanapomalizia. Lakini kuna kazi mbili lazima zifanywe kabla sauti haijaisha: msanii akabidhi alicho nacho, na sisi tuliokula utamu wake tumuwekee pa kukaa. Kazi ya pili ikikosekana, tusiwacheke wazee wanaong'ang'ania kipaza sauti. Wameshika pahala pa pekee panapowalisha.

Natia nanga hapa. Wenye kumjua Bi Siti kwa masimulizi ya bibi zenu wa Fumba na Ng'ambo, tupeni kwenye maoni. Na wenye vikundi, tuambieni nyie wazee wenu mnawagawia vipi. Nawasilisha.